Penseli Kwanza, Solda Baadaye

Fundi hakupenda kuambiwa kifaa kimeharibika nini. Ukifika kwenye kibanda chake pale Mabatini ukaanza kueleza kwamba redio jana iliongea vizuri, halafu ikakoroma, halafu ikanyamaza, alikuinulia kiganja. "Wewe umeileta," alisema. "Kazi yako imekwisha. Iache ijieleze." Kisha alikilaza kifaa kifudifudi, akafungua skrubu, akazipanga kwenye kisosi kwa mpangilio uleule zilivyokaa, na kukusahau. Wateja wageni waliudhika. Mimi niliudhika wiki nzima, halafu nikawa namtembelea kila Jumamosi kwa miaka tisa.

Naandika habari zake bila kujisifu. Katika miaka hiyo tisa, miwili ya mwisho nilijua kwamba macho ya Fundi yanakwisha, na sikumwambia. Mtu huyu kazi yake ilikuwa kushika umeme wa ukutani. Kila Jumamosi nilitoka kwake nikijiuliza kama ijayo nitamkuta hai, na kila Jumamosi nilimwamkia, nikaketi, nikanyamaza. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kunyamaza si kipaji changu. Lakini kwake nilinyamaza.

Kilichotukutanisha ni sanduku la umeme la maabara ya shule. Lilikuwa la chuma, zito kama jiwe la kusagia. Kazi yake ilikuwa kuupokea umeme mkali wa ukutani na kuutoa ukiwa mpole, volti kumi na mbili tu, ili wanafunzi wauchezee bila kufa. Lilizimika wiki mbili kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Halikuwa na kitabu wala mchoro, na hata jina la kiwanda lilikuwa limefutika. Nikalipeleka Mabatini kwa bodaboda, nimelipakata kama mtoto mwenye homa.

Siku ya pili nikarudi. Sanduku lilikuwa wazi, matumbo nje, na Fundi ameinamia kipande cha boksi la sabuni akichora.

"Shikamoo, Mzee. Bado?"

"Marahaba, Mwalimu. Bado nini?"

"Kutengeneza."

"Sijaanza kutengeneza. Kwani najua hiki ni kitu gani?"

"Ni sanduku la umeme, Mzee."

"Hilo ni jina lake. Mimi nataka kujua aliyekitengeneza alikuwa anawaza nini."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika nimeangukia kwa mzee mbabaishaji. Siku ya tatu akanipa kile kipande cha boksi. Kushoto kabisa plagi, kisha fyuzi, kisha swichi, kisha transfoma na pande zake mbili, kisha diodi nne za kuunyoosha umeme, kisha kapasita kubwa ya kuutuliza. Mchoro huo nilikuwa nimewachorea wanafunzi ubaoni miaka nenda miaka rudi, kutoka kitabuni. Lakini kuutoa ndani ya lile fundo la nyaya zenye vumbi nisingeweza hata ningepewa mwezi. Fundi akanionyesha kwa ncha ya penseli diodi moja iliyokufa. Kuibadilisha kulichukua dakika kumi. Niliona aibu, na nikaipenda kazi ile papo hapo.

"Kabla hujashika solda, shika penseli," aliniambia. Solda ni kile chuma cha moto cha kuunganishia nyaya, na mafundi wengi hukichomeka kabla hata hawajafungua kifuniko. Fundi aliwaita wacheza kamari. "Tena afadhali mcheza kamari," aliongeza, "yeye anacheza na mali yake."

Uchoraji wenyewe ulikuwa na taratibu zake, na aliyezivunja aliondoka na maneno makali. Bodi ya kifaa ina nyuso mbili. Juu vimesimama vipande, chini zinapita njia nyembamba za shaba zinazoviunganisha. Ukiigeuza uione shaba, kushoto kunakuwa kulia, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mchoro unatoka umepinduka na fundi anaapa kwamba kifaa kina wazimu. Fundi wetu alikuwa na kioo cha kunyolea kilichovunjika pembe. Alikilaza mezani, akaishika bodi juu yake, akawa anatazama vipande moja kwa moja na shaba kupitia kioo. Kila mstari aliouchora aliuthibitisha kwa testa, kipimo chake cha mshale, akigusa mwanzo na mwisho wake, kisha akautia alama ya vema. Mstari usio na vema aliuita fununu. "Futa hiyo fununu," aliniambia nilipoanza kujaribu mwenyewe, na mara nyingi ilinibidi nifute nusu ya karatasi.

Juu ya transfoma alikuwa mkali zaidi. Upande unaopokea umeme wa ukutani una waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Upande unaotoa umeme mpole una waya mnene, mizunguko michache. Transfoma ikiwa imeng'olewa na haina maandishi, lazima upime ujue upande upi ni upi, maana ukiukosea unaweza kujiua. "Mwembamba ndiye muuaji," alisema, kwa sauti ya mtu anayekuonya juu ya jirani mwenye tabia mbaya.

Mchoro ukikamilika hakuutupa wala hakuuficha. Aliunakili vizuri na kuubandika kwa gundi ndani ya kifuniko cha kifaa, kisha akafunga skrubu. Mafundi wa pale Mabatini walimcheka kwa hilo. Mmoja, jirani wa kibanda cha pili, alimwambia mbele yangu, "Mzee, unawapa watu siri ya ugali wetu." Fundi akajibu bila kuinua kichwa: "Kikiharibika tena kitakwenda kwa mwingine. Labda kwako. Wataka na wewe ukeshe siku tatu?" Baadaye nilimwona jirani huyo amefungua amplifaya moja na kuchungulia ndani ya kifuniko kwanza, akidhani hakuna anayemtazama.

Mtu mkarimu hivyo wa maarifa alikuwa bahili wa penseli kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Nilimwomba penseli kwa miaka tisa na kwa miaka tisa alinionyesha duka. Alizichonga kwa wembe, akazipanga kwa urefu kwenye kopo la maziwa, na alijua ikipungua moja.

Nyumbani kwake Kiseke, soketi ya sebuleni ilikuwa imening'inia nje ya ukuta tangu siku niliyofika kwa mara ya kwanza. Ili taa iwake ilibidi mkewe aigonge swichi kwa mwiko. "Kinyozi hajinyoi, Mwalimu," mkewe aliniambia, akigonga. "Wa kwangu hajinyoi na wala hataki kunyolewa." Niliicheka kauli hiyo wakati ule. Fundi alisema soketi ile ataitengeneza akishaichora nyumba nzima, na kwa kuwa waliojenga walipitisha nyaya ndani ya ukuta, ilimbidi kwanza afikirie.

Kanisani alikaa nyuma, karibu na spika. Alisema ni kwa sababu ya miguu. Kumbe alikuwa anasikiliza mvumo. Jumapili moja niliyokuwa nimekaa naye, katikati ya sala ndefu, akaniinamia na kunong'ona: "Kapasita imechoka. Sikia anavyolalamika." Mimi nilisikia mchungaji tu. Baada ya ibada akaomba kuifungua amplifaya, na kapasita kweli ilikuwa imevimba kichwa kama andazi.

Kuna jambo moja la tabia yake ambalo sikulielewa mpaka mwisho. Fundi alikuwa mwongo wa mambo yake mwenyewe. Ukimwuliza kama amekula, alisema amekula, na tumbo linanguruma. Ukimwuliza kuhusu goti, lilikuwa zima, na huku anachechemea. Lakini juu ya kifaa hakudanganya hata kwa kuombwa. Mtu mmoja wa Kisesa alimletea amplifaya aliyotaka kuiuza, akamsihi amwambie mnunuzi kwamba haijawahi kufunguliwa.

"Lakini nimeifungua," alisema Fundi.

"Nani atajua, Mzee? Ni neno tu."

"Watu tudanganyane, sawa, kila mtu ana mdomo wake wa kujitetea. Hii haina mdomo. Ichukue."

Macho yake yalianza kufifia polepole, naye akalificha hilo kwa ustadi uleule aliokuwa nao kazini. Kwanza alihamishia meza mlangoni, akasema ndani kuna joto. Kisha mistari ya michoro ikawa minene, herufi zikawa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akaanza kuniambia, "Nisomee hapa, Mwalimu, miwani nimeisahau nyumbani." Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona na miwani. Nilimsomea. Alipomkazia mtu macho juani, katikati ya mboni palikuwa na ukungu mweupe, mtoto wa jicho, ambao hata mimi nisiye daktari niliuona.

Hakika niliipata kwa ile kapasita. Kapasita kubwa ina upande wa chanya na upande wa hasi, na upande wa hasi una mstari pembeni. Ukiiweka kinyume inalipuka. Fundi aliipachika moja kwenye sanduku la umeme la mteja mmoja, nami nikaona mstari umekaa upande usio wake. Nilifikiri labda mimi ndiye nimekosea, maana nilizoea kuwa mimi ndiye ninayekosea. Akachomeka. Ikapasuka kwa kishindo, na vipande vya karatasi ya ndani vikatuangukia vichwani sote wawili. Mama muuza nyanya wa ng'ambo akapiga kelele.

"Kapasita za siku hizi," alisema Fundi, akijipangusa mabega. "Hazina adabu."

"Kweli, Mzee," nikasema. Nilimwokotea vipande, na kipande chenye ule mstari nikakitia mfukoni asije akakisogeza machoni na kukitambua. Nilidhani ninamstahi.

Jambo la pili sitalisahau. Miezi kadhaa baadaye alikuwa na transfoma iliyong'olewa, ina nyaya nne, mbili kila upande, bila maandishi. Zamani angepima kwa testa. Lakini mshale wa testa alikuwa hauoni tena, kwa hiyo akawa anazipapasa nyaya kwa vidole, akitafuta nyembamba na nene. Bahati mbaya fundi fulani wa kabla yake alikuwa ameziunga zote nne kwa waya wa aina moja. Vidole vikamdanganya. Akauunganisha umeme wa ukutani upande usio wake, na zile nyaya mbili alizodhani ni za umeme mpole akaziacha wazi mezani, vidole vinne kutoka kwenye kiganja chake.

Kitu kimoja kilituokoa. Alikuwa na desturi ya kupitisha umeme wa majaribio kwenye balbu kwanza. Kifaa kikiwa na kasoro, balbu huwaka na kuumeza mzigo. Balbu ikawaka kwa nguvu zote. Yeye hakuiona; mkono wake ukaanza kusogea kwenye zile nyaya wazi kuzishika. Niliruka nikaing'oa plagi, nikaangusha kiti na kopo la penseli.

"Kuna nini?" akauliza.

Hapo ndipo pa kusema. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, "Hizi nyaya wameziunga vibaya, Mzee. Zinachanganya. Mtu yeyote angekosea."

"Wajinga," alisema. "Niokotee penseli zangu."

Nilizipanga koponi kwa urefu, na nilijichukia. Nimemwadhibu mwanafunzi kwa kuacha swichi wazi maabarani, na huyu ambaye alikuwa amenifundisha kazi yangu nilimpa uongo ili ajiue vizuri. Lakini fikiria nawe: unamwanzaje mtu uliyemwamkia shikamoo miaka tisa, umwambie haoni? Kwetu mtu mzima haambiwi. Anasubiriwa aseme mwenyewe. Nilimsubiri.

Baada ya hapo alikifunga kibanda. Alisema ni magoti, mlima wa Mabatini umemshinda. Mimi nikasema pole na magoti. Kazi chache zilizobaki akazihamishia barazani kwake Kiseke.

Mwezi uliopita alimtuma mkewe anipigie simu: njoo Jumamosi, kuna kazi. Nilimkuta barazani, mbele yake mashine ya kutotoleshea mayai, sanduku lake dogo la umeme likiwa wazi. Ni ya jirani yao, mama anayefuga kuku, naye alikuwa na trei mbili za mayai nyumbani kwake ambayo alikuwa ameyafunika kwa blanketi yasipoe.

"Leo utachora wewe," alisema Fundi. "Mkono wangu una ganzi."

Tukafanya kazi kwa namna mpya. Mkewe alikuwa amemnunulia testa inayolia. Yeye alishika ncha moja kwenye bodi kwa kupapasa, mimi nikaipeleka nyingine, na kila ilipolia alisema, "Andika." Ilipokaa kimya alisema, "Hapana, endelea." Alijua kinachofuata kabla sijakifikia. "Sasa tafuta diodi. Zitakuwa nne, karibu na transfoma. Sasa kuna kapasita, mstari wake umeelekea wapi?" Saa mbili baadaye mchoro ulikuwa kwenye karatasi, na kila mstari una vema yake. Kiungo kimoja kilikuwa kimeachia, na mahali pa fyuzi mtu alikuwa ameweka kipande cha waya. Solda niliishika mimi. Fyuzi mpya niliiweka mimi.

Yule mama jirani akaja kuichukua. Tulichomeka, taa ndogo ikawaka, feni ya mashine ikazunguka. Hakufurahi mara moja.

"Fundi," alisema, "hii mashine inakaa chumba wanacholala wanangu. Niambie wewe mwenyewe. Umeitazama, iko salama?"

Nilijua jibu la kila siku, nami nilikuwa tayari kulikubali kwa kichwa. Fundi akaweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Mama," alisema, "mimi sioni. Aliyeitazama ni Mwalimu. Mimi nimeisikiliza tu. Nadhani iko salama, lakini muulize yeye."

Nikasema iko salama.

Yule mama hakushangaa hata kidogo. "Pole, Fundi," alisema kwa upole. "Kuhusu macho tunajua. Ndiyo maana nikija nataja jina langu tangu getini. Wote tunajua, hata watoto. Tumewakataza kuacha baiskeli njiani kwako."

Alibeba mashine yake akaenda kuyawahi mayai. Fundi alibaki ameelekeza uso barabarani. Mkewe alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, hasogei.

"Mtaa mzima," alisema Fundi.

Akanigeukia.

"Na wewe, Mwalimu? Tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu leo. "Tangu ile kapasita ilipopasuka," nikamwambia.

Alihesabu kimyakimya, nikaona midomo inacheza. Alipomaliza kuhesabu hakupandisha sauti. "Kwa hiyo siku ya ile transfoma ulijua."

"Nilijua, Mzee."

"Mngeniacha nife," alisema, "kwa adabu."

Nililia, na sikuficha. Nikamwomba radhi, yeye na mkewe. Mkewe naye alikuwa analia. Fundi peke yake hakulia. Kisha nikamwambia kesho kutwa sina vipindi asubuhi, nitakuja saa moja nimpeleke kliniki ya macho, akitaka asitake.

"Njoo saa kumi na mbili," alisema. "Ukifika saa moja, foleni inakuwa imefika kwenye mti wa pili."

Nikamwuliza amejuaje.

Alipapasa karatasi yenye mchoro hadi akaipata pembe yake, akaikunja mara moja, taratibu.

"Nimefika getini pale kliniki mara nne, nikageuka," alisema.